Jinsi ya kusoma Zaburi kujua uko hali gani ndani: mwongozo kwa anayeanza

Maswali ni yaleyale. Nianzie zaburi ya ngapi? Mbona nasoma sana ila sisikii kitu? Zile za kulaani maadui nazisomaje wakati mimi natafuta utulivu? Kusoma hivi si kuigeuza Biblia kuwa saikolojia? Nimekuwa nikijibu mmoja mmoja kwenye meseji mpaka nimeona bora niandike mara moja, kwa hatua, ili mtu akiniuliza tena nimtumie hii.

Kwanza tuelewane tunafanya nini hapa. Zaburi ziko 150, na tofauti yake na vitabu vingine ni kwamba humu mara nyingi sio Mungu anayeongea na mtu, ni mtu anaongea na Mungu, tena anaongea akiwa katika hali: kaogopa, kaonewa wivu au yeye ndiye mwenye wivu, hajalala siku ya tatu, kapona ugonjwa, katendewa vibaya na rafiki wa karibu, ana furaha hajui aiweke wapi. Kwa hiyo ukisoma zaburi unasoma mtu aliye mahali fulani ndani yake, na swali lako ni moja tu, mimi niko hapo alipo huyu, nilishapita, au nakataa kukubali kwamba ndipo nilipo? Sio kitu kipya. Athanasius, askofu wa Alexandria kule Misri karne ya 4, alimwandikia mgonjwa mmoja aitwaye Marcellinus barua ndefu juu ya Zaburi, akamwambia maneno haya ni kama kioo, mtu anajiona humo na mienendo ya nafsi yake, alafu akamtajia ukiwa hivi soma hii, ukiwa vile soma ile. Yaani miaka 1600 na zaidi iliyopita watu walishauliza swali lako.

Nadharia inatosha, twende.

Andaa hivi kabla hujaanza

Biblia ya karatasi kama unayo. Ya simu inafaa ila simu itakuita, meseji itaingia, na hapo umeshatoka. Mimi napenda ile ya Union Version ya mwaka 1952 kwa sababu ushairi wake haujasagwa, ila iwe na mwenzake, Habari Njema kwa mfano, maana Kiswahili cha zamani kina maneno yatakayokukwamisha. Mfano Zaburi 6 anasema kila usiku "nakieleza kitanda changu", mtu anadhani anakisimulia kitanda stori, kumbe ni kueleza kwa maana ya kufanya kitu kielee, analia mpaka kitanda kinaelea kwenye machozi. Ukikosa hilo umekosa picha yote.

Daftari, lile la shule la mistari linatosha. Nusu saa. Na mtu mmoja unayemwamini ambaye unaweza kumwambia ulichokiona, hata kama sio kila siku.

Angalizo la namba: kuanzia Zaburi ya 10 hivi mpaka ya 147, vitabu vinavyofuata hesabu ya Kigiriki na Kilatini mara nyingi viko nyuma kwa moja. Ndiyo maana ile ya mchungaji ni 23 kwako na 22 kwenye kitabu cha sala cha shangazi. Hakuna aliyekosea. Hapa natumia namba za Biblia zetu za kawaida.

Hatua zenyewe

1. Taja hali yako kabla hujafungua kitabu. Hapa ndipo wengi wanaruka na ndipo kazi ilipo. Tumezoea kanisani ukiulizwa hali unajibu "nimebarikiwa", "Bwana ni mwema", hata kama jana umelia chooni. Ni heshima nzuri kwa watu ila kwenye daftari haifai. Andika sentensi moja ya kweli, tena kwa Kiswahili cha nyumbani, sio cha mahubiri. Na bahati yetu Kiswahili kina maneno mengi ya ndani: roho iko juu juu, moyo mzito, moyo umekufa ganzi, nina kinyongo, nina kijiba cha roho, nimejikatia tamaa, roho imetulia tuli. Chagua mojawapo. "Niko stresi" usiandike, ni neno pana mno, stresi ya woga na stresi ya aibu hazisomi zaburi moja.

2. Chagua zaburi inayokaribia hali hiyo. Usifungue tu Biblia popote ukaweka kidole, hiyo ni ramli hata ukiifanya umepiga magoti. Nakupa chache za kuanzia. Umechoka kusubiri jibu, soma 13. Huzuni usiyojua imetoka wapi, 42 pamoja na 43, ni shairi moja limekatwa katikati, utaona kiitikio kilekile mara tatu. Wivu, 73. Umesalitiwa na mtu wa karibu, 55. Hatia unayoificha, 32, na ukiwa tayari kusema yote, 51. Upweke, 102, ambapo anajiona kama shomoro aliye peke yake juu ya nyumba. Usingizi umekataa, 77. Umetoka kwenye shida juzi juzi na bado huamini, 30. Umetulia, 131, ina mistari mitatu tu. Na kama ni giza tupu na hutaki mtu akuambie "itapita", 88.

3. Soma kwa sauti mara tatu. Mara ya kwanza soma kama stori ya mtu mwingine: nani anaongea, yuko wapi, nini kimempata. Usijiingize bado. Mara ya pili polepole, ukikutana na neno linalokugusa au linalokuudhi piga mstari, yote mawili ni dalili. Mara ya tatu soma kama wewe ndiye uliyeandika. John Cassian, aliyekaa na wamonaki wa jangwa la Misri, ameandika kwamba walifika mahali pa kuimba zaburi kama wametunga wao wenyewe hapohapo, sio kama wanakariri. Hiyo ndiyo mara ya tatu. Pale palipoandikwa Sela, nyamaza kidogo. Neno hilo limo mara 71 katika Zaburi na wataalamu hawajakubaliana maana yake, ila wengi wanahisi ni alama ya muziki, na mimi kuitumia kama pumzi kumenisaidia sana.

4. Tafuta mwili. Washairi hawa hawasemi "nina msongo", wanasema mifupa imechakaa, macho yameharibika, ulimi umegandamana na taya, moyo umekuwa kama nta. Zaburi 69 inaanza kwa kilio kwamba maji yamefika "mpaka nafsini mwangu", na tafsiri nyingine zinasema shingoni, na zote ziko sawa kwa sababu neno la Kiebrania pale, *nefesh*, linabeba nafsi na pia koo, mahali pumzi na maji vinapopita. Kwa hiyo nafsi kwao sio moshi unaoelea kichwani, ni koo lenye kiu na linaloweza kukabwa. Ndiyo maana 42 inaanza na ayala (ni aina ya paa) anayetafuta maji. Sasa jiulize, hali uliyoandika hatua ya kwanza inakaa wapi kwenye mwili wako? Kifuani, tumboni, mabegani? Andika. Watu wengi hapa ndio wanagundua walichoita hasira ni woga, kwa sababu kiko tumboni na mikono ni ya baridi.

5. Geuza mahali kuwa hali. Bonde, shimo, matope, nchi kame, mwamba, patakatifu, majani mabichi, maji ya utulivu. Kila ukikutana na mahali, uliza, hapa ni hali gani ya ndani na mimi nimeshawahi kukaa? Angalia Zaburi 23 unayoijua kwa kichwa. Anaanza kwenye majani, anapita bonde la uvuli wa mauti, anaishia nyumbani. Ila tazama kitu kimoja: kwenye majani anamzungumzia Mungu kwa "yeye", hunilaza, huniongoza. Akifika bondeni ghafla anasema "Wewe upo pamoja nami". Ni gizani ndipo alipoacha kuongea habari za Mungu akaanza kuongea naye. Mimi niliisoma zaburi hii miaka na miaka, kwenye misiba, kwenye harusi, sikuwahi kuliona hilo mpaka siku nilipoisoma nikiwa bondeni mwenyewe.

6. Tafuta mstari wa kugeuka. Hii ndiyo hatua ninayoijali kuliko zote, kaa nayo.

Karibu kila zaburi ya kilio ina mahali mtu anapinduka. Kazi yako ni kuutafuta huo mstari na kuuliza nini kimebadilika. Chukua 13, ni fupi. Anauliza "hata lini" mara nne mfululizo, utanisahau, utanificha uso, nitahangaika moyoni, adui atanipanda kichwani. Alafu anaomba. Alafu mstari wa 5: "Nami nimezitumainia fadhili zako." Sasa rudi uangalie, adui ameondoka? Hajaondoka. Jibu limekuja? Halijaandikwa. Kilichohama sio tatizo, ni mahali alipokuwa amesimama ndani. Alikuwa anahesabu siku, sasa anakumbuka fadhili.

73 ndiyo iliyonifundisha kusoma hivi. Nilipunguzwa kazini, wenzangu wakabaki, na mmoja aliyebaki nilikuwa najua kabisa mambo yake hayakuwa safi. Mwezi mzima nilikuwa naamka na jina lake. Nikasoma 73 nikakuta mtu anakiri wazi kwamba aliwaonea wivu wenye kujivuna alipoona wanaishi kwa amani, wamenenepa, hawana taabu, mpaka anafika kusema ameusafisha moyo wake bure. Nikasema huyu ni mimi. Mstari wa 17 anageuka, "hata nilipoingia katika patakatifu pa Mungu". Wasiofaa hawakuporomoka siku hiyo, yeye ndiye aliyeingia mahali pengine akaangalia kutokea huko. Na kitu cha kwanza anachokiona akishaingia sio ubaya wao tu, mstari wa 22 anajiona yeye mwenyewe alivyokuwa, mjinga, kama mnyama mbele za Mungu. Sikupata kazi siku hiyo. Ila asubuhi iliyofuata sikuamka na jina la yule mtu, na baada ya wiki kama mbili niliweza kumpigia simu.

Ukiukuta mstari wa kugeuka uandike kwa mkono. Usijilazimishe kugeuka nao. Mshairi hakugeuka kwa sababu amefika mstari wa 17, amegeuka kwa sababu mistari 16 ya kwanza aliisema yote bila kuipamba. Ukiruka malalamiko ukakimbilia sifa hujageuka, umejificha.

7. Ongea na nafsi yako. Kwenye 42 anaiambia: "Nafsi yangu, kwa nini kuinama, na kufadhaika ndani yangu?" Kwenye 103 anaiamuru ihimidi, isisahau. Maana yake ndani yake kuna anayefadhaika na kuna anayemwona anayefadhaika, na huyu wa pili ana sauti. Watu wengi hawajawahi kujua wanaye huyu wa pili. Chukua hiyo sentensi ya 42, iseme kwa sauti ya chini mara kadhaa, weka jina lako mwishoni ukitaka. Isiwe kwa kukaripia, iwe kama unavyomuuliza mtoto anayelia, mwanangu una nini.

Hapa niseme kidogo kwa wasomaji wangu Waislamu, maana mnaniandikia pia. Neno nafsi wote tumelipata kwenye Kiarabu, na Qurani inataja nafsi inayoamrisha mabaya (12:53), nafsi inayojilaumu (75:2) na nafsi iliyotua (89:27). Mtu wa 32 anayejilaumu na mtu wa 131 aliyetulia kama mtoto kifuani mwa mama yake, naamini mnawajua.

8. Nyamaza, andika mstari mmoja, fanya kitu kimoja. Dakika tano za kimya, hamna kuomba, hamna kuchambua. Alafu andika: nilianza nikiwa hivi, sasa niko hivi. Ikiwa hakuna tofauti andika "hakuna tofauti", ni jibu halali. Kisha chagua kitendo kimoja kidogo cha siku hiyo, kumuomba mtu msamaha, kulipa deni la elfu kumi, kwenda kulala mapema. Rudia zaburi hiyohiyo siku saba kabla hujabadilisha. Siku ya nne utachoka nayo, siku ya sita mara nyingi ndiyo inafunguka.

Makosa ninayoyaona kila mara

Kubwa kuliko yote, kugeuza kila kitu kuwa cha ndani mpaka watu halisi wanapotea. Zaburi zinamtaja maskini, yatima, mjane, mnyonge anayenyang'anywa. Mtu anasoma anasema "maskini hapa ni nafsi yangu", sawa, ila usiishie hapo, maana maskini pale ni maskini, anakaa nyuma ya nyumba yako. Cassian huyohuyo anaeleza kwamba Yerusalemu ni mji wa Wayahudi, ni Kanisa, ni mji wa mbinguni na ni nafsi ya mtu, vyote vinne kwa pamoja, hakufuta kimoja ili abaki na kingine. Ukiona usomaji wako umekupa amani na umekupunguzia huruma, umekosea njia, rudi hatua ya tatu usome kama stori ya mtu mwingine.

La pili, kumfanya adui awe jirani kila siku. Najua wapo wanaofundishwa kusoma Zaburi 35 au 109 saa sita usiku kumpiga mama mkwe au mtu wa ofisini. Ndugu yangu, fanya zoezi hili: soma 109 mara moja ukiwa wewe mlalamikaji, alafu isome tena ukiwa ndiye anayelalamikiwa. Kuna mtu ana sababu ya kukusomea wewe hiyo zaburi? Kama yupo, anza na huyo.

La tatu, kuruka 88 kwa sababu haigeuki. Ni kweli, inaishia gizani kabisa. Imeachwa humo makusudi, ili aliye hapo ajue hata hiyo ni sala. Muache mtu alie.

Ukikwama

*Nalala kila nikianza.* Basi umechoka, lala. Zaburi 4 inasema "tafakarini vitandani mwenu na kutulia", isome ukiwa umeshajifunika na usihesabu kama umeshindwa. Kama unataka kukaa macho soma umesimama, alfajiri, baada ya kunawa uso.

*Sisikii chochote.* Mara nyingi zaburi haifanani na hali yako, au sentensi ya hatua ya kwanza ulidanganya kidogo. Iandike upya. Ukiona bado, soma mwisho wa 139, "Ee Mungu, unichunguze, uujue moyo wangu", uiache hapo kwa siku tatu bila kudai kitu.

*Nazidi kuumia.* Machozi ya siku mbili tatu ni kawaida, kitu kilichofungwa kinafunguka. Ila kama huli, hulali wiki nzima, au unawaza kujidhuru, funga daftari, mwambie mtu wa karibu leo na uende hospitali. Kwenda kwa daktari sio kukosa imani, na zaburi zitakusubiri.

*Zaburi za laana, hasa ile ya 137 inayotaka watoto wa Babeli wapigwe mwambani.* Origen wa Alexandria, mwalimu wa Kikristo wa karne ya 3, aliwasoma hao watoto kama mawazo mabaya yakiwa bado madogo, uyavunje kwenye mwamba kabla hayajakua. Ni usomaji unaonisaidia, hasa na chuki, maana chuki ya siku moja unaweza kuivunja, ya miaka kumi inakuvunja wewe. Ila usiukimbilie. Kwanza sikia kwamba huyu ni mtu aliyehamishwa kwao kwa nguvu, mji wake umechomwa, na wapo wanaoisoma kwa Kiswahili hikihiki wakiwa kambini, wametoka Kongo mashariki, hawahitaji kuelezwa Babeli ni hali gani. Hasira yake aliipeleka kwa Mungu, maneno makali yote akayaacha hapo. Ukiwa na hasira ya kiasi hicho fanya hivyohivyo.

*Kiongozi wangu wa dini anasema huku ni kupotoka.* Usibishane, mwonyeshe daftari kama unaweza, au muombe msome pamoja 42. Kwa uzoefu wangu wengi wanaogopa kwa sababu wamesikia neno "hali za ndani" wakadhani ni mambo ya kujifanya mungu. Na kama hoja yake ni kwamba umeanza kujitegemea sana na hukai na wenzako kanisani, msikilize, inaweza kuwa kweli.

*Nimemaliza zaburi saba nilizochagua, nifuate zipi?* Sasa anza ya 1 uende kwa mpangilio, moja kwa siku, na kila Jumapili rudi kwenye ile iliyokushinda. Mwisho wa miezi sita hivi utakuwa umezipita zote 150 na daftari litakuwa limejaa, nunua lingine.